Nani Anachomoa Flashi?

Neno lilikuwa moja tu, tena fupi, nalo lilitokea kwenye skrini kwa herufi kubwa ambazo hata mtu aliyesimama mlangoni angezisoma. Ndiyo.

Kaka mkubwa alipoliona alijipiga mapaja kwa viganja vyote viwili, akasimama.

"Basi yamekwisha," akasema. "Mwenyewe kakubali. Jumapili nakuja na gari, namchukua."

Mke wa Nyundo alikuwa amesimama kati ya meza na mlango, birika mkononi. Alilisoma lile neno, akalisoma tena, na kila alipolisoma lilimzidishia kiza. Kwani muda mfupi kabla halijatokea, maswali mawili yalikuwa yameulizwa mle chumbani, moja likimkanyaga mwenzake kisigino. Kwanza wifi yake aliingia kutoka uani akauliza, "Kaka, dawa umekunywa?" Halafu kaka mkubwa, ambaye hakuzoea kungoja zamu, akauliza, "Mdogo wangu, unataka kuja kukaa kwangu?" Kompyuta ikanyamaza kama iliyosinzia. Ilipozinduka ikatoa hiyo Ndiyo yake.

Sasa ilikuwa Ndiyo ya nani? Mwanamke alikuwa akimimina chai. Hakuona vidole vya mumewe viligonga kibodi wakati gani. Alimtazama usoni, mumewe naye alikuwa akimtazama yeye, mikono juu ya vitufe, macho hayapepesi. Akangoja aandike neno la pili. Halikuja. Nyundo aliitoa mikono kwenye kibodi taratibu, akaiweka mapajani kama mtu aliyemaliza kula.

Kaka mkubwa akaaga, akaenda zake.

Nyundo hakuwa mtu wa neno moja. Kabla ya ugonjwa alikuwa mpiga mnada, na hilo jina alipewa na wateja wake. Aliuza makabati, majokofu mabovu, baiskeli, hata mlango usio na fremu, na aliuza kwa mdomo. Sauti yake ilikuwa inafika mtaa wa pili. Kisha koo likaota kitu kisichotakiwa, akapasuliwa, na madaktari wakamrudisha nyumbani akiwa mzima kila mahali isipokuwa pale. Uhai waliuokoa, sauti ikabaki hukohuko. Miguu nayo ilikuwa haijarudiwa na nguvu, akawa mtu wa kutoka kitandani kwenda kitini.

Kalamu haikumfaa. Mwandiko wake ulikuwa wa ajabu tangu ujana, yeye mwenyewe alikuwa akishindwa kuusoma kesho yake. Simu nayo ilikuwa na vitufe vya vidole vya watoto. Ikabaki kompyuta ya zamani aliyoiacha binti yao alipohamia mbali kikazi. Waliiweka mezani sebuleni, wakakuza herufi, na Nyundo akawa anazungumza humo kwa kidole kimoja kimoja.

Tatizo ni kwamba ile kompyuta ilikuwa nzito kuliko maelezo. Alikuwa akigonga herufi, zinazama, kisha zinaibuka zote kwa mpigo kama kuku waliofunguliwa banda. Ukimuuliza habari za asubuhi, jibu linakuja mmeshafika kwenye habari za jioni. Majirani waliokuja kumjulia hali walijibiwa "Asante" walipouliza anaumwa wapi, na "Hapa shingoni" walipoaga. Wengine wakaacha kumuuliza, wakawa wanamuuliza mkewe, naye Nyundo amekaa palepale.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa barazani, hatua chache kutoka sebuleni. Siku ile, kaka mkubwa alipokwisha kuondoka, alikaa nyuma ya cherehani akashika tama. Kumuuliza mumewe lilikuwa jambo la dakika moja. Angeingia tu aseme, "Mzee, ulikuwa unamjibu nani?" Lakini angeuliza kwa uso gani? Nyumba ya shemeji yake ilikuwa karibu na hospitali. Ilikuwa na watu tele, mchana kutwa hakosi wa kumpa maji. Hapa alikuwa na mke mmoja mwenye nguo za watu hadi magotini. Akimuuliza, itakuwa kama kumshika shati. Na je, akiuliza, halafu ile Ndiyo ije mara ya pili, safari hii peke yake, bila swali la dawa la kujifichia?

"Ee Mungu," alisema huku mguu ukikanyaga pedali, maana alizoea kusali akiwa kazini, "mimi sijui nilichokiona. Kama anataka kwenda, nipe moyo wa kumfungia mizigo. Kama hataki, basi Jumapili akiulizwa tena jibu lije lake, lije wakati wake. Hiyo mashine isituchanganye."

Sala ilipokwisha akaona kwamba kumwachia Mungu kompyuta peke yake si adabu, na yeye ana mikono.

Alikuwa akisoma masomo ya kompyuta jioni katika kituo cha watu wazima. Alijiandikisha kwa ajili ya mumewe, na darasani humo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo. Hakugusa kitufe kabla hajasema bismillahi ya moyoni mwake, na wenzake walishamzoea. Jioni hiyo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kompyuta ikichelewa kujibu, inakuwa imechoka au imekasirika?"

Darasa likacheka. Mwalimu, dada mmoja mpole mwenye miwani, hakucheka. "Imebanwa, mama. Wewe si fundi cherehani? Meza yako ikiwa ndogo, mkasi na uzi unaviweka wapi?"

"Sakafuni."

"Na ukivitaka?"

"Nainama."

"Basi kompyuta yako inainama kutwa nzima. Meza yake ni ndogo, kila kitu inakifuata chini. Ila kuna kitu unaweza kuisaidia nacho. Flashi hii hii ya kuhifadhia picha na nyimbo. Ukiichomeka na kuiambia kompyuta iitumie kuongeza kasi, ni kama umeisogezea stuli pembeni. Meza haikui, ila kuinama kunapungua."

"Kunapungua sana?"

"Kwa kompyuta nyingine hutaona tofauti. Kwa hiyo yako ya zamani, utaona. Si muujiza, mama."

"Wa muujiza yupo, mwalimu. Wewe nifundishe stuli."

Akafundishwa. Akaambiwa pia mambo mawili: kwamba si kila flashi inafaa, kompyuta itaipima kwanza na ikiwa nzito itaikataa, na kwamba ikishakubaliwa iachwe palepale. Ikichomolewa hakuna kitakachopotea, ila kompyuta itarudi kuinama.

Flashi ya kwanza ilikuwa ya wifi yake, ya rangi nyekundu, imejaa nyimbo. Wifi alikuwa akija kila siku kumtazama kaka yake, na siku hiyo alikaa kwenye kochi kusimamia kazi. Mshonaji akaichomeka, akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kama alivyofundishwa, akatafuta palipoandikwa sifa za kifaa, akafika kwenye kuongeza kasi. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, kisha ikaleta maneno.

"Inasemaje?" wifi akauliza.

"Imeikataa. Inasema haina kasi ya kutosha."

"Flashi yangu? Ina kosa gani?"

"Ni nzito, wifi."

"Nzito wakati haifiki hata uzito wa kifungo? Mwambie hiyo kompyuta ijitazame yenyewe kwanza."

Nyundo kitini alitikisika mabega. Ndivyo alivyokuwa akicheka siku hizi.

Ya pili ilikuwa ya mwalimu, nyeusi, fupi kama ukucha wa kidole gumba. Hiyo ilipimwa ikapita. Mshonaji akaweka alama panapotakiwa, akakubali, akafumba macho kidogo. Kisha akamwambia mumewe, "Jaribu, mzee."

Nyundo akagonga. Herufi zikatoka palepale zikifuata kidole, bila kuzama. Alinyanyua mkono akautazama, kama mtu aliyesukumwa kwa nyuma. Akaandika: Nani kanisukuma? Halafu hakuna aliyeweza kumnyamazisha tena. Aliandika kuhusu kochi alilokalia dada yake: Kochi hili, miguu minne, mmoja mgonjwa, limekaliwa na bibi mmoja mnene, nani anasema bei, bibi hauzwi. Wifi akacheka hadi akajifuta macho, akasema afadhali alivyokuwa bubu.

Siku hiyo mshonaji alifanya kazi kwa raha. Akisikia vitufe vinalia sebuleni, anaingia, anasoma, anajibu, anarudi barazani. Zamani jibu moja lilimweka kwenye kigoda kando ya mumewe mpaka chai ipoe. Sasa gauni la mteja lilikwisha mapema. Alimshukuru Mungu kwa kila mshono.

Kesho yake kompyuta ililala tena.

Aliingia akakuta herufi zimekwama, Nyundo amekunja mikono, na ile flashi imelazwa kando ya kibodi, imetulia kama isiyohusika. Akaichomeka. Jioni akaikuta palepale kando ya kibodi.

"Wifi, umeichomoa wewe?"

"Mimi? Mimi yangu ilikataliwa. Sina habari na hiyo mliyoipenda."

"Basi inatokaje?"

"Labda joto. Kitu kikipata joto kinaruka."

"Kinaruka, kinajilaza vizuri hivyo?"

"Sasa unaniuliza mimi, wifi? Muulize mwalimu wako."

Mwalimu alisema huenda tundu limelegea. Mshonaji alilikagua tundu. Flashi ilishika imara kama kisu kwenye ala. Alimuuliza mumewe kama ameona kitu. Nyundo akainua mabega, akayashusha. Ikachomolewa tena siku iliyofuata, na tena, na kila mara yeye alikuwa barazani, na kila mara alipokimbilia ndani hakukuta mtu ila mgonjwa wake na kompyuta yake. Alianza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Labda anaichomoa akifuta vumbi, akasahau. Labda ni jibu kutoka juu, kwamba mambo yaachwe yalivyo. Lakini kama ni jibu, mbona lilikuwa linajibu sala ambayo hakuisali? Kichwa kilimzunguka hadi akamshonea mteja mkono wa kushoto upande wa kulia.

Mwishowe akafanya alilolijua. Alichukua uzi mweusi wa kushonea makoti, akaifunga ile flashi kwenye mwili wa kompyuta, akazungusha, akapiga fundo la fundi ambalo halifunguki kwa kucha. Wifi alisimama akitazama.

"Umeivisha sidiria," akasema.

"Ivae tu. Jumapili imekaribia."

Ijumaa mchana uzi ulikuwa umekatwa. Haukukatika; ulikuwa umekatwa, ncha zake safi, kwa kitu kikali. Flashi ilikuwa kando ya kibodi. Na wifi hakuwa amefika siku hiyo, alikuwa na mafua.

Mshonaji alikaa chini sakafuni na kile kipande cha uzi kiganjani. Walikuwamo watu wawili tu nyumbani. Mmoja ni yeye. Hesabu hiyo hata mtoto angeikamilisha, lakini akili yake ilikataa kuikamilisha, maana ni nani anayeweza kujikata ulimi kwa mkono wake? Akaichomeka flashi, akaifunga upya. Akarudi barazani.

Jumamosi alihitaji kifungo kilichokuwa kwenye bati la vifungo, sebuleni kabatini. Alivua viatu kwa mazoea tu, akaingia bila kishindo. Nyundo alikuwa ameinama juu ya kompyuta na mkasi mdogo wa mkewe wa kukatia nyuzi, ule ambao mkewe alikuwa akiutafuta tangu juzi. Uzi ulikuwa tayari umekatwa. Alikuwa anavuta flashi kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mwenzake.

Walitazamana. Nyundo akaiweka flashi mezani. Akauweka na mkasi.

"Mzee," akasema mshonaji. Alijikuta anavuta kigoda, anakaa. "Mzee, kwa nini?"

Nyundo akagonga kibodi. Skrini ikabaki nyeupe. Mshonaji akanyoosha mkono kuichukua flashi airudishe, mumewe akamshika kifundo cha mkono, akautua mkono wake mezani. Basi wakangoja. Mtaani mtu alipita anaburuza kitu cha chuma, akatokomea, na bado wakangoja. Kisha maneno yakaja.

Ikienda haraka unasoma unaondoka. Ikienda polepole unakaa.

Mshonaji alisoma mara nyingi kuliko urefu wa maneno yenyewe.

"Nilikuwa naondoka nikashone," akasema. "Nilidhani nimekurahisishia. Na Jumapili, mzee? Kaka yako akikuuliza, si ungejibu mara moja, tuelewe?"

Nyundo aliandika taratibu, vidole vikipumzika kati ya neno na neno. Safari hii mshonaji aliona vinavyogonga, lakini bado hakujua vinasema nini mpaka skrini ilipokubali.

Sitaki kuwa wa kwanza kujibu.

"Hapo sikuelewi, mzee. Siku ile ulijibu. Ilikuwa Ndiyo ya nani?"

Ya dawa.

"Ya dawa. Na ukaiacha? Kaka yako kasimama, kaaga, umemwangalia tu. Mbona hukusema?"

Hapo alikaa akingoja kwa muda mrefu kuliko wowote tangu kompyuta hiyo iingie nyumbani. Mara mbili alidhani imekufa. Nyundo aligonga, akafuta, akagonga. Maneno yalipoibuka yaliibuka yote pamoja.

Mimi ni mpiga mnada. Mtu mmoja akitaja bei, sifungi. Nawatazama wengine. Kaka kataja bei. Nikakutazama wewe. Hukunyanyua mkono.

Mshonaji alikumbuka yale macho. Alikuwa ameyaona vizuri, yamemkazia, hayapepesi, na yeye akayasoma kama macho ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda. Akasimama pale na birika lake akijikaza asionekane mchoyo. Kumbe wote wawili walikuwa wanangojana, kila mmoja akidhani ni heshima.

"Nilidhani unataka kwenda," akasema. "Kule karibu na hospitali. Kule kuna watu. Nikasema nisikushike shati. Mimi sitaki uende, mzee. Sitaki hata kidogo. Nilishindwa kulisema, nikaenda kujifunza flashi."

Nyundo akatazama vidole vyake. Akaandika. Jibu lilichelewa kama kawaida yake, na lilipokuja lilikuwa: Unatoa ngapi?

"Sina kitu mimi," akasema mshonaji, akicheka huku machozi yanamwingia mdomoni. "Nina nguo za watu."

Jumapili kaka mkubwa alikuja na gari, godoro limetandikwa nyuma na mito miwili. Wifi alikuwapo, mafua yake na yeye. Mshonaji alikuwa amesali asubuhi, lakini hakuomba mashine wala jibu. Aliomba ulimi wake usikwame. Hakungoja mtu akae vizuri.

"Shemeji," akasema, "kabla hujamuuliza yeye, nisikilize mimi. Mimi nataka abaki hapa nyumbani kwake. Nilitakiwa kulisema siku ile."

Kaka mkubwa akamkodolea macho. "Lakini shemeji, alisema ndiyo. Nimeisoma kwa macho haya."

"Ilikuwa ya dawa."

"Ya dawa," kaka mkubwa akarudia, akamgeukia dada yake. "Ya dawa gani?"

"Mimi ndiye niliyeuliza dawa," wifi akasema. "Lakini nilidhani mimi sijajibiwa. Nimekasirika wiki nzima."

Kaka mkubwa akakaa. Alitazama kompyuta, akatazama ile flashi iliyochomekwa tena asubuhi hiyo na Nyundo mwenyewe, akawa kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wengine. "Nimeshawaambia watu kwangu anakuja. Kitanda kimetandikwa."

"Kitandueni, shemeji. Ukitaka kumwona, njoo. Njoo hata kila Jumapili, chai ipo."

"Na wewe mdogo wangu? Ndivyo unavyosema?"

Herufi zikatoka papo hapo, zikifuata kidole: Nabaki.

Hakuna aliyeweza kusema hilo lilikuwa jibu la kitu kingine. Kaka mkubwa alilitazama kwa muda, shingo upande. Alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima kuwa mkombozi, na sasa hakujua mikono aiweke wapi. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea kutoka kwake, "Nilikuuliza vibaya, siyo? Nilikufokea swali, nikanyakua jibu. Umekasirika?"

Kompyuta ilikuwa tayari. Wangeweza kupata jibu lao hapo hapo. Lakini Nyundo hakugusa kibodi. Aliinua uso, akamtazama kaka yake, akawa analifikiria swali lenyewe. Wifi alifungua mdomo amjibie, akaufunga. Mshonaji akavuta kigoda chake karibu, akakaa, nguo za watu akaziacha barazani, nao wote wanne wakangoja.